Gombo la Torati likikosewa herufi, halitupwi

Wengi huamini kuwa kosa la herufi moja huharibu gombo zima la Torati. Si kweli. Gombo lenye kosa halisomwi katika ibada ya sinagogi mpaka lirekebishwe, lakini hurekebishika. Katika herufi 304,805 za kuandikwa kwa mkono, kuteleza kupo. Mwandishi, yaani soferi, huukwangua wino juu ya ngozi kwa kisu kikali, kisha huandika upya. Jina la Mungu ndilo lisilofutwa kamwe: likiandikwa mahali pasipo pake, kwa kawaida ukurasa mzima wa ngozi hutolewa na kuzikwa kwa heshima, na mwingine hushonewa kwa nyuzi za kano. Masharti makali zaidi yako kwenye mezuza (kipande cha ngozi chenye maandiko kinachobandikwa kwenye mwimo wa mlango) na tefilini (visanduku vyenye maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani wakati wa sala): humo herufi lazima ziandikwe kwa mfuatano wake, na iliyorukwa haiongezwi baadaye.