Kwa nini somo la pili la Jumapili mara nyingi haliendani na Injili?

Anayetafakari masomo ya Misa kila Jumapili hukutana na jambo hili mapema. Somo la kwanza na Injili vinasikilizana vizuri, ila katikati yake anasimama Mtume Paulo na habari zake nyingine kabisa. Wengi hudhani kwamba wao ndio hawajaelewa, wakaanza kusaka uzi wa kuyafunga masomo yote matatu pamoja. Mara nyingi uzi huo haupo, na waliopanga masomo hawakukusudia uwepo.

Tazama Jumapili ya 17 ya Kipindi cha Kawaida (majuma yaliyo nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka), Mwaka C, yaani wa tatu katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu. Somo la kwanza ni Mwanzo 18:20-32, Ibrahimu akimsihi Mungu asiiangamize Sodoma, akishusha idadi ya wenye haki kutoka hamsini hadi kumi. Injili ni Luka 11:1-13: Baba Yetu, kisha mfano wa rafiki anayebisha hodi usiku wa manane kuomba mikate mitatu. Uhusiano uko wazi, ni kuomba bila kukata tamaa. Zaburi ya siku hiyo, ile ya 138, inapokea hapo hapo kwa kumshukuru Mungu aliyemwitikia mtu siku alipoita. Somo la pili ni Wakolosai 2:12-14: kuzikwa pamoja na Kristo katika ubatizo, na hati ya mashtaka iliyogongomewa msalabani. Ukitaka kwa nguvu, utasema hati ile inagusana na ombi la kusamehewa katika Baba Yetu. Si kosa kuliona hilo. Kosa ni kudhani kwamba ndiyo sababu ya somo hilo kuwekwa siku hiyo. Liliwekwa hapo kwa sababu Jumapili iliyotangulia ilisomwa sura ya kwanza ya waraka huo huo, na Jumapili inayofuata itasomwa sura ya tatu.

Mpangilio huu una historia fupi. Katika Misale ya Roma (kitabu cha kuadhimishia Misa) ya mwaka 1570, masomo ya Jumapili yalirudi yale yale kila mwaka, na kwa kawaida yalikuwa mawili tu, Waraka na Injili. Agano la Kale lilisikika kwa nadra sana siku ya Jumapili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa ukarimu zaidi kwa waamini. Mpango mpya ukatolewa mwaka 1969, na toleo lake la pili mwaka 1981. Masomo ya Jumapili yakawa matatu pamoja na zaburi, na mzunguko ukawa wa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Yohana husomwa hasa Kwaresima na Pasaka. Tena, kwa kuwa Injili ya Marko ni fupi, sura ya sita ya Yohana hujaza Jumapili ya 17 hadi ya 21 za Mwaka B.

Kuujua mwaka ni hesabu ndogo. Gawa mwaka kwa tatu: ikigawanyika sawasawa ni Mwaka C, ikibaki moja ni A, zikibaki mbili ni B. Hivyo 2025 ulikuwa C na 2026 ni A. Usisahau tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki kadhaa kabla ya Januari.

Sasa tufike kwenye kiini. Wapangaji walikuwa na njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni kulinganisha: unachukua Injili, kisha unatafuta kifungu cha Agano la Kale kinachoendana nayo. Ya pili ni kusoma kwa mfululizo: unachukua kitabu na kukifuata sura kwa sura, ukiruka baadhi ya aya. Katika Jumapili za Kipindi cha Kawaida, njia zote mbili zinatumika kwa pamoja. Injili inafuata mwinjili wa mwaka huo kwa mfululizo, Agano la Kale linailinganisha, zaburi inalijibu Agano la Kale, na somo la pili linakwenda peke yake kama hadithi ya mfululizo gazetini. Mwaka A, Warumi huanza Jumapili ya 9 na kumalizika ya 24. Mwaka B, Yakobo huanza ya 22 na kumalizika ya 26. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, kwa kuwa ni mrefu na una mambo mengi, umegawanywa katika mwanzo wa miaka yote mitatu.

Tatizo la mfululizo ni kwamba hukatika. Kwaresima na Pasaka huingia katikati ya Kipindi cha Kawaida, kisha sherehe za Utatu Mtakatifu na Ekaristi Takatifu huchukua Jumapili zinazofuata Pentekoste. Mwaka 2025 ulionyesha hili waziwazi. Waraka kwa Wagalatia umepangwa Jumapili ya 9 hadi ya 14 za Mwaka C. Mwaka huo Jumapili ya 8 iliangukia tarehe 2 Machi, Kwaresima ikaanza siku tatu baadaye, na Pentekoste ikawa tarehe 8 Juni. Baada yake zikaja sherehe za Utatu na Ekaristi, kisha Petro na Paulo iliyoangukia Jumapili, tarehe 29 Juni. Palipoadhimishwa Ekaristi Takatifu siku ya Jumapili, waamini walisikia Wagalatia mara moja tu, tarehe 6 Julai, na kilichosomwa kilikuwa aya za mwisho kabisa za waraka (6:14-18). Paulo anahitimisha hoja ambayo hakuna aliyeisikia ikianza! Si ajabu kifungu kikaonekana kinaelea hewani.

Kwa hiyo, katika Kipindi cha Kawaida, anza na Injili ingawa inasomwa mwisho. Kisha rudi kwenye somo la kwanza na uulize: ni neno gani, tendo gani au ahadi gani imefanya kifungu hiki kichaguliwe? Ukikwama, soma kiitikio cha zaburi, maana mara nyingi ndicho kinachotaja wazo linaloviunganisha. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Somo la pili lipe siku yake, tuseme Jumatano. Fungua Biblia, siyo karatasi ya masomo, usome kuanzia kilipoishia kifungu cha Jumapili iliyopita. Waraka kama Wakolosai una sura nne tu, na unasomeka wote kwa kikao kimoja.

Angalia pia aya zilizorukwa. Luka 10:1-12, 17-20, kama ilivyo Jumapili ya 14 ya Mwaka C, inaacha maneno makali ya Yesu dhidi ya Korazini, Bethsaida na Kapernaumu. Zisome hata hizo. Na zaburi ikikataa kulingana na Biblia yako, jaribu namba inayotangulia au inayofuata, kwani vitabu vya liturujia vinavyofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini viko nyuma kwa namba moja katika sehemu kubwa ya zaburi. Zaburi ya 23 ni ya 22 humo.

Utaratibu huu haushiki nyakati zote. Siku za sherehe kubwa, masomo yote matatu huchaguliwa kwa ajili ya sherehe, na hapo kutafuta uzi mmoja ni halali kabisa. Majilio yako karibu na hali hiyo. Kwaresima, somo la kwanza hufuata hatua za historia ya wokovu, kwa hiyo hata lenyewe laweza kuachana na Injili. Jumapili za Pasaka, Matendo ya Mitume huchukua nafasi ya Agano la Kale, na somo la pili ni 1 Petro Mwaka A, 1 Yohana Mwaka B, Ufunuo Mwaka C.

Makanisa ya Kiprotestanti yanayotumia mpango wa pamoja wa masomo wa mwaka 1992 (Revised Common Lectionary), ambao ulijengwa juu ya ule wa 1969, yana jambo moja la ziada. Baada ya Pentekoste, mpango huo unatoa njia mbili za Agano la Kale, moja ya kulinganisha na Injili na nyingine ya mfululizo. Kanisa likichagua ya pili, masomo yote matatu yanakwenda kila moja kivyake. Uliza ni njia ipi inayofuatwa kabla ya kuanza kuandaa tafakari.

Siku za juma ni rahisi zaidi kuzieleza. Katika Kipindi cha Kawaida cha Kanisa Katoliki, Injili ni ile ile kila mwaka: Marko wiki ya 1 hadi ya 9, Mathayo ya 10 hadi ya 21, Luka ya 22 hadi ya 34. Somo la kwanza lina mizunguko miwili, wa I kwa miaka witiri na wa II kwa miaka shufwa. Yote mawili ni ya mfululizo, na hakuna lililochaguliwa kwa kulitazama jingine. Jumanne somo likikatikia katikati ya kisa cha Daudi, fungua la Jumatano. Huenda likawa ndilo mwendelezo wake.