Shule zinafunguliwa: mfundishe mtoto njia kabla ya kumnunulia begi

Kila Januari ikikaribia, fedha na mawazo ya nyumba nzima huelekea kwenye sare, viatu, madaftari na begi. Vyote vinahitajika. Ila kwa sisi tunaosimamia afya na usalama wa wanafunzi shuleni, kinachokosekana kwenye maandalizi ya familia nyingi ni njia yenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza anasindikizwa Jumatatu na Jumanne, Jumatano anaambiwa aongozane na wenzake. Siku mbili hazimtoshi, na sababu yake haihusiani na utundu wala akili.

Mtoto wa miaka sita au saba anaona gari na anasikia honi, lakini bado hajui kukadiria. Uwezo wa kulinganisha mwendo wa gari na umbali uliobaki hukomaa polepole, na kwa watoto wengi hauwi wa kutegemewa kabla ya miaka tisa au kumi. Kimo nacho kinamnyima: gari likiegeshwa pembeni, yeye haoni barabara na dereva hamwoni yeye. Kwa hiyo ukimwambia "uwe mwangalifu barabarani" umempa maneno asiyoweza kuyafanyia kazi. Mtoto wa umri huu anahitaji alama anayoweza kuionyesha kwa kidole.

Alama hiyo mnaitafuta pamoja, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Simameni mahali atakapovukia. Barabara ya kawaida ya njia mbili ina upana wa mita 6 hadi 7, na mtoto akitembea bila kukimbia huivuka kwa kama sekunde 7. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwenye makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ndani ya sekunde hizo 7 litakuwa limetembea mita 97. Chukua basi mita 100 kuwa kiwango cha chini kabisa, na kama unajua fika kwamba magari ya hapo hayafuati kikomo, ongeza hadi 160.

Mita 100 ni takribani hatua 130 za mtu mzima. Anzia mahali pa kuvukia, tembea hatua hizo upande wa kulia, halafu angalia kitu gani hapo hakihami: mwembe, nguzo ya umeme, ukuta wa duka wenye rangi ya kujulikana. Rudi, fanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Sasa mtoto ana sheria anayoielewa: chombo chochote kikiwa kati ya mwembe na mimi, sivuki. Nasema chombo, kwa sababu pikipiki na bajaji watoto hawazihesabu kama magari, na pikipiki ndiyo hupita pembeni ya foleni au upande usio wake. Kama mlipo hamwezi kuona umbali huo kwa sababu ya kona, mwinuko au vibanda, hapo si mahali pa kuvukia hata kama kila mtu anavukia hapo. Sogeeni.

Sisi Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo chombo cha kwanza kumfikia mtoto anayeanza kuvuka hutokea kulia kwake. Ndiyo maana mpangilio ni kulia, kushoto, kisha kulia tena, na shingo iendelee kugeuka hadi afike ng'ambo. Asikimbie. Mtoto anayekimbia anaangalia miguu yake, na akijikwaa anaangukia katikati ya barabara.

Kuhusu pundamilia, wazazi wengi wanaiamini kupita kiasi na wanawarithisha watoto imani hiyo. Rangi ile haisimamishi gari. Dereva ndiye anayesimama, na wengine hawasimami. Mtoto asubiri tairi zitulie kabisa kabla ya kushuka kwenye ukingo. Barabara ikiwa pana, gari la kwanza likisimama aangalie kama lipo jingine linaloovateki pembeni yake, maana lililosimama ndilo linalomficha. Na barabara kubwa kama Morogoro Road au Mandela za Dar es Salaam si ya mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu kuvuka bila mkono wa mtu mzima. Penye njia ya mwendokasi katikati anavuka mikondo mitatu tofauti, na ule wa kati una mabasi yanayokwenda kasi hata wakati magari ya pembeni yamesimama kwenye foleni.

Mazoezi yafanyike saa ileile atakayopita, maana barabara ya saa 1 asubuhi si ile ya saa 4. Siku ya kwanza wewe unasema kila unachokiangalia, yeye anasikiliza. Siku ya pili anasema yeye. Siku ya tatu anaongoza, wewe uko hatua mbili nyuma, kimya, mkono ukiwa tayari. Halafu fanyeni safari ya kurudi, ambayo husahaulika mno. Akitoka shuleni mwembe uliokuwa kulia uko kushoto, jua linatoka upande mwingine, ana njaa, na yuko na kundi linalopiga kelele. Kwake hiyo ni njia nyingine kabisa.

Kwa wanaopanda daladala, hatari kubwa huja baada ya kushuka. Mtoto anazunguka mbele au nyuma ya gari ili awahi ng'ambo, na dereva anayelipita daladala hawezi kumwona mpaka amfikie. Mfundishe mambo matatu kwa mfuatano: nashuka, nasogea mbali na lami, nasubiri daladala liondoke ndipo navuka. Jambo jingine ni nauli. Kwa kuwa mwanafunzi hulipa pungufu ya mtu mzima, wapo makondakta wanaowaacha kituoni, na watoto hujibu kwa kudandia gari likiwa linatembea. Mwambie waziwazi kwamba kuchelewa kunasameheka, na umweleze mwalimu wa darasa mapema kuwa mtoto anategemea daladala. Mtoto anayeogopa adhabu ya kuchelewa hatasubiri gari lisimame.

Bodaboda nisingeichagua kwa mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio vya abiria. Bila vikanyagio hana cha kujishikilia zaidi ya nguo ya dereva, na breki ya ghafla inamng'oa. Mishikaki, yaani watoto wawili watatu kwenye pikipiki moja, ni mbaya zaidi: uzito wote unakaa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hautii. Kama hamna usafiri mwingine, awe mtoto mmoja, dereva mmoja mnayemfahamu, na kofia ngumu inayomtosha, iliyofungwa mkanda wa kidevuni. Kofia ya mtu mzima humzunguka kichwani na kumziba macho. Sweta lisifungwe kiunoni wala sketi isiachwe inapepea, vinanaswa na cheni au spoki. Ashukie kushoto, kwa sababu huko ndiko kando ya barabara, na kwa pikipiki nyingi ekzosi iko kulia. Alama za kuungua kwenye mashavu ya miguu ya wanafunzi zinatokana na kushukia upande huo.

Gari la shule linahitaji maswali, na mzazi anayelipa ana haki ya kuyauliza. Kila mtoto ana kiti chake? Nani mwingine yuko ndani zaidi ya dereva? Watoto wanahesabiwa wakipanda na wakishuka, au wakipanda tu? Baada ya mtoto wa mwisho kushuka, nani anatembea hadi kiti cha nyuma kuhakikisha hakuna aliyelala? Gari lililofungwa likiachwa juani hupata joto la hatari kwa muda mfupi, na mwili wa mtoto hupanda joto haraka kuliko wa mtu mzima. Jibu liwe jina la mtu. "Huwa tunaangalia" haitoshi.

Halafu kuna giza. Katikati ya Januari jua la Dar es Salaam huchomoza kama saa 12:18, la Kigoma kama saa 12:59, ilhali saa ya nchi ni moja. Mtoto wa Kigoma anayetakiwa kuwa shuleni saa 1 kwa ajili ya usafi anatembea gizani karibu njia yote. Na sare zetu nyingi zina sketi, kaptula na sweta la bluu iliyokolea, huku shati jeupe likiwa limefichwa ndani. Nunua utepe wa kuakisi mwanga, ule wa kwenye vizibao vya bodaboda, ushonee vipande kwenye mikanda ya begi kwa mbele na chini ya begi kwa nyuma. Taa za gari humulika chini, hivyo kipande cha chini ndicho kinachoonekana kwanza. Wasitembee mmoja mmoja. Pangeni na majirani watoto wa mtaa mmoja watoke pamoja na mtu mzima mmoja kwa zamu.

Kuamka mapema kuna gharama yake. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayeamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 2 usiku, na hilo haliwezekani usiku mmoja baada ya likizo ya kukesha kwenye runinga. Rudisha saa ya kulala nyuma kwa dakika 15 kila siku. Begi lipangwe jioni kufuata ratiba: mtoto wa kilo 20 asibebe zaidi ya kilo 2 hadi 3, pamoja na chupa ya maji.

Sasa jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote baada ya barabara. Watoto wetu wanalelewa kumwamkia kila mkubwa na kumtii. Ni malezi mema, nami sitaki yaachwe. Lakini mtoto wa namna hiyo hujiona mkosefu akimkatalia mtu mzima, na mwenye nia mbaya analijua hilo. Mpe ruhusa, na mpe maneno ya kusema: "Shikamoo. Siruhusiwi." Anaamkia akiwa mbali, umbali ambao mkono haumfikii, bila kusimama, anaendelea na njia. Mfanyie mazoezi nyumbani, wewe ukiwa anko mwenye pipi, ukiwa jirani mwenye gari, ukiwa mtu anayesema "mama yako anaumwa, kanituma." Kwa huyo wa mwisho wekeni neno la siri, asiyelijua hajatumwa. Jina la mtoto liandikwe ndani ya kola au ndani ya begi, maana likiwa nje kila mpita njia anaweza kumwita kama ndugu.

Namba ya simu aikariri, iliyo hewani muda wote. Tarakimu 10 zigawe nne, tatu, tatu, aziimbe. Shuleni peleka orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, na mwalimu wa zamu aijue. Mwambie pia kwamba siri inayohusu mwili wake haihifadhiwi, hata aliyemwambia ainyamaze awe ndugu au mwalimu. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto na haitozwi. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Wiki ya tatu mfuate kwa mbali bila yeye kujua. Akiwa na wenzake ndipo utaona kama anasubiri mwembe au anavuka kwa sababu wengine wamevuka. Akikosea mahali fulani, rudini hapohapo jioni, mrudie pale tu. Na masika yakianza Machi, pita njia nzima tena: mitaro hufunikwa na maji, vivuko vya miguu husombwa, na mahali palipokuwa pakavu Januari panaweza kumfika mtoto magotini. Hapo sheria ni moja: asiingie, arudi alikotoka, kama ni shuleni abaki shuleni hadi mtu mzima aje.