Faili rudufu: skripti huyatambuaje?

Faili rudufu ni lile ambalo yaliyomo ndani yake yanalingana, baiti kwa baiti, na ya faili jingine. Jina halihesabiwi, wala tarehe. "ripoti.pdf" ya kwenye folda ya kazi na "ripoti (1).pdf" iliyosahauliwa kwenye vipakuliwa huenda ni kitu kimoja, ilhali "barua.docx" mbili za folda tofauti zisifanane hata mstari.

Kwa hiyo skripti, yaani programu fupi ya kompyuta, iliyoandikwa vizuri huanza na ukubwa, si majina. Hupita kila folda, pamoja na zilizomo ndani yake, ikinukuu ukubwa wa kila faili. Lenye baiti 48,213 haliwezi kamwe kuwa pacha wa lenye 48,214. Basi lisilo na mwenzake wa ukubwa huo linawekwa kando bila hata kufunguliwa. Hatua hii ndogo ndiyo huokoa muda mwingi kuliko zote. Wanaoiruka hujikuta wanasoma diski nzima bure.

Yaliyobaki ndiyo husomwa na kukokotolewa heshi, yaani namba ndefu inayopatikana kwa kupitisha baiti zote za faili katika hesabu maalumu. Heshi ya SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, faili liwe la ukurasa mmoja au video ya saa mbili. Ongeza nukta moja tu, heshi inabadilika kabisa. Basi mafaili yanayotoa heshi moja huhesabiwa kuwa rudufu. Skripti nyingi bado hutumia MD5, hesabu ya heshi ya zamani zaidi, lakini tangu 2004 imeonyeshwa kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa heshi moja ya MD5. Mimi nisingefuta kitu kwa ushahidi huo peke yake.

Picha iliyopunguzwa ubora ilipotumwa kwa simu huleta mkanganyiko: jicho linaona ni ileile, skripti inasema ni mbili. Haijakosea. Baiti zimebadilika, na kutafuta picha zinazoshabihiana ni kazi nyingine yenye mbinu zake.

Kinyume chake, mafaili yote yenye baiti 0 yanalingana. Miradi ya Python, lugha ya kuandikia programu, mara nyingi huwa na faili tupu la "__init__.py" katika folda nyingi, na kila moja ina kazi pale ilipo. Skripti inayofuta yenyewe itabakiza moja na huenda ikauvuruga mradi. Iachie kutoa orodha. Kufuta ufute wewe, baada ya kutazama kila faili limekaa wapi.