Tafadhali, msiipige Kilwa plasta ya simenti

Nimeulizwa tena. Safari hii na msomi kabisa, katoka kutembea Italia na simu imejaa picha: "Wale Warumi walikuwa na simenti ya ajabu. Sisi tulijenga kwa chokaa, ndiyo maana Kilwa imebomoka. Kwa nini serikali isiyapige plasta ya simenti yale magofu, yakadumu?" Kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale ya pwani, na swali hili nimelijibu kwa tabasamu mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa maandishi, tabasamu limekwisha.

Tuanze na Roma, maana ndiko uongo unakoanzia. Pantheon, hekalu lililokamilika enzi za Kaizari Hadrian, miaka ya 120 baada ya Kristo, halina hata konzi moja ya simenti mnayoijua. Simenti ya Portland, hiyo ya mfuko, ilipata hataza Uingereza mwaka 1824. Warumi walichoma chokaa, wakaichanganya na majivu ya volkano. Ni chokaa, ndugu zangu! Hiyo hiyo mnayodhani kazi yake ni kupaka mashina ya miti barabarani na kuchora mistari ya uwanja wa mpira.

Hapo mtu hugeuza kibao: "Kumbe chokaa yao ilikuwa na nguvu kuliko zege letu!" Wapi. Zege la Kirumi ukilibana kwenye mashine ya maabara litapasuka mapema kuliko zege la daraja la kawaida la leo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa watu wanaodhani wananiunga mkono. Kuba la Pantheon lina kipenyo cha mita 43.3, na hadi leo ndilo kubwa kuliko yote duniani miongoni mwa makuba ya zege lisilo na nondo. Limesimama kwa sababu ya umbo na uzito wake. Chini, linapokaa juu ya ukuta, unene wake unazidi mita 6. Juu kabisa, pembeni ya tundu lililo wazi kileleni, ni kama mita 1.2. Na mawe yaliyomo ndani hayafanani: chini walitia mawe mazito na vipande vya matofali, juu wakatia mawe ya volkano mepesi, yenye vitundu kama sifongo. Mwenye akili ya ujenzi akiyaona hayo hana haja ya kutafuta siri nyingine.

Tena limepasuka. Watalii hawaambiwi. Nyufa zinapanda kutoka chini kuelekea juu, zinajulikana muda mrefu, na kuba limetulia juu ya nyufa zake kama matao yaliyoegemeana kwa duara. Lingekuwa na nondo, maji yangeingia kwenye ufa, chuma kingeshika kutu, kingevimba na kulipasua zege kutoka ndani. Asiyeamini atazame vibaraza vya maghorofa yanayotazama bahari, Mombasa au Dar es Salaam, zege limebanduka na nondo ziko nje.

Ukifika Pantheon, basi, wenzako watatazama tundu. Wewe tazama unene wa ukuta. Na kumbuka kwamba majengo ya Kirumi yaliyoanguka hayana foleni ya kupigwa picha.

Mwaka 2023 ulitoka utafiti juu ya vidonge vyeupe vya chokaa vilivyomo ndani ya zege la Kirumi: maji yakipenya kwenye ufa, vinayeyuka na kuuziba. Magazeti yakashangilia. Mimi naupenda utafiti ule, ila sampuli yake ilitoka kwenye ukuta wa mji mmoja, Privernum, nami sina haraka ya kuupeleka kila penye jengo la Mrumi. Watafiti wanasema chokaa ilichanganywa ikiwa bado mbichi na moto. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika zama zile, anaeleza chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Ninavyowajua mafundi, nashuku njia zote mbili zilitumika, kutegemea nani alikuwa msimamizi siku ile.

Chokaa ina aibu zake pia, sizifichi. Ni ya polepole. Hagia Sophia ya Istanbul, kanisa kubwa lililokuja kuwa msikiti, ilianzwa mwaka 532 ikamalizwa 537, kasi ya kutisha kwa jengo kubwa kiasi kile, na tabaka za chokaa baina ya matofali ni nene karibu sawa na matofali yenyewe. Uzito ulipandishwa kabla chokaa haijashika sawasawa, nguzo zikaegemea nje. Tetemeko la 557 likalegeza, na mwaka 558 kuba likashuka chini. Lililojengwa baadaye, likamalizika mwaka 562, lilinyanyuliwa juu zaidi ili lisisukume kuta sana, na la leo si duara kamili hata kidogo. Nenda ukaliangalie. Ni jengo zuri mno, na ni ushahidi wa kilichompata aliyeiharakisha chokaa.

Sasa Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu ulipanuliwa kwa matao na makuba mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo wa Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya jabali. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alipita mwaka 1331. Sehemu ya paa la msikiti ilikuja kuporomoka, ikajengwa upya karne ya 15. Kwa hiyo, ndiyo, iliwahi kuanguka, na waliofuata waliinua tena kwa matumbawe na chokaa.

Mawe ni ya namna mbili. Kuna tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa hai, ambalo huchongeka vizuri kisha hugumu likikauka. Hilo ndilo la mihrabu na miimo ya milango. Na kuna jiwe la mwamba wa matumbawe wa nchi kavu, gumu na lenye mashimo, ndilo la kuta. Chokaa nayo inachomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Ukichoma, hewa ya kaboni inatoka. Ukiizima kwa maji na kuipaka, inairudisha ile hewa taratibu na kuwa jiwe tena. Jiwe na kiungio ni damu moja.

Ukuta wa namna hii unakunywa maji ya ardhini, yenye chumvi, na kuyatoa kupitia uso wake. Lipu ya chokaa inayapitisha. Chumvi inajikusanya kwenye lipu, lipu inabambuka, unaipiga upya. Watu wanaona kubambuka huko wanasema, "Si mnaona, ni dhaifu." Imewekwa pale ibambuke! Isipobambuka lipu, litabambuka jiwe.

Piga simenti sasa. Umeuvisha ukuta koti la mvua mwezi wa Machi: jasho linapatikana, pa kutokea hapana. Simenti ni ngumu kuliko kilicho nyuma yake, ukuta unapocheza kidogo yenyewe inapasuka nyufa nyembamba kama unywele, mvua inaingia, haitoki. Chumvi inaganda nyuma na jiwe linageuka unga huku mbele plasta inang'aa. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa kiungio cha ndani ya ukuta mara nyingi ni udongo na chokaa. Kikilowa kinalegea. Vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani vinaoza bila mtu kuona, sakafu ya juu inashuka, inavuta ukuta. Halafu mtaani: "Nyumba ya chokaa imeanguka." Sehemu ya Jumba la Maajabu ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, hukumu hiyo niliisikia kabla kifusi hakijaondolewa.

Mkidhani nazungumzia pwani yetu tu, nendeni New Mexico, Marekani, kwenye kanisa la San Francisco de Asís pale Ranchos de Taos, lenye mgongo wa udongo ambao wachoraji na wapiga picha hawaumalizi. Mwaka 1967 lilipigwa plasta ya simenti ili kuondoa kazi ya kukandika kila mara. Ikapasuka, maji yakaingia, matofali ya udongo yakaanza kuliwa kwa ndani. Mwaka 1979 plasta ikabanduliwa, wakarudi kwenye udongo, na waumini hukusanyika kulikandika wenyewe. Msikiti wa Djenné, Mali, uliojengwa mwaka 1907, unakandikwa vivyo hivyo na mji mzima. Vile vijiti vinavyochomoza ukutani ndiyo jukwaa la mafundi. Kipande cha mnara kilianguka mwaka 2009 baada ya mvua kubwa, kikajengwa tena kwa udongo. Wafadhili hawapendi hadithi hii, kwa kuwa hakuna utepe wa kukata mwaka wa kumi na moja wa kukandika.

Yapo yanayonisumbua. Kuchoma chokaa kunakula kuni nyingi, na tumbawe hai halikatwi tena, wala lisikatwe. Wenzangu wengine hutia simenti kidogo kwenye chokaa ili ishike haraka kabla ya masika. Nawapinga, lakini nimeona kuta zao kadhaa zimetulia, na sijapata jibu la kuwanyamazisha.

Mwisho, kwa mnaoniandikia kuhusu nyumba za mabibi zenu Pangani, Mikindani na Lamu zilizokwisha kupigwa simenti: msikimbilie nyundo. Ikiwa plasta imeachana na ukuta na inalia tupu ukiigonga, ibandue taratibu kwa patasi. Ikiwa imeng'ang'ania, iache, maana itatoka na uso wa jiwe. Anzeni na paa linalovuja na mfereji wa maji.