Samaki Hapandi kwa Kujijaza Hewa

Wengi tumelishwa maelezo ya sentensi moja: samaki ana kifuko cha hewa tumboni, akitaka kupanda anakijaza, akitaka kuzama anakipunguza. Kifuko hicho, yaani bondo, kipo kweli. Mpasue perege utaliona limelala chini ya uti wa mgongo, jeupe, ngozi yake nyembamba inang'aa, na ukilibonyeza kwa kidole linarudi. Kinachopotoshwa ni kazi yake.

Dhana: Bondo ndilo linalompandisha na kumshusha samaki

Dhana hii ni ya siku nyingi. Katika karne ya 17 mwanasayansi wa Italia, Giovanni Alfonso Borelli, alieleza kwamba samaki hulibana bondo kwa misuli ili azame na kulilegeza ili apande. Maelezo hayo yaliaminika mpaka mwaka 1876, Mfaransa Armand Moreau alipoonyesha kwa majaribio kwamba sivyo.

Samaki hupanda na kushuka kwa kuogelea, kwa mkia na mapezi yake. Kazi ya bondo ni kumweka sawa na maji, asiwe mzito wala mwepesi, aweze kutulia pale alipo bila kuhangaika. Nyama na mifupa ni mizito kuliko maji, kwa hiyo bila gesi angekuwa anazama taratibu na kulazimika kupiga mkia mchana na usiku. Gesi inayohitajika si nyingi: kwa samaki wa baharini ni karibu asilimia 5 ya ujazo wa mwili wake, na kwa wa maji baridi karibu asilimia 7, kwa sababu maji ya chumvi humbeba zaidi.

Tena, samaki anapobadili kina, bondo humpa taabu. Juu ya maji kuna mgandamizo wa hewa peke yake. Shuka mita 10 tu na mgandamizo unakuwa mara mbili, gesi inasinyaa hadi nusu. Samaki aliyekuwa sawasawa juu sasa ni mzito, na kadiri anavyoshuka ndivyo uzito unavyozidi kumvuta. Akipanda mambo yanageuka: gesi inatanuka, anakuwa mwepesi, anasukumwa juu zaidi. Inabidi apambane kwa mapezi mpaka kiasi cha gesi kirekebishwe, na kuiongeza huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana mwenye bondo hawezi kupanda na kushuka makumi ya mita ghafla apendavyo.

Dhana: Gesi iliyomo ni hewa aliyoimeza

Kwa baadhi yao, ndiyo. Dagaa na samoni wana kijibomba kinachounganisha bondo na njia ya chakula, kwa hiyo wanaweza kugugumia hewa juu ya maji na kuicheua wakizidiwa. Lakini perege, sangara, changu na chewa, wakishakua, hawana kijibomba hicho. Bondo lao limefungwa kabisa, na wengine wanaishi chini sana wasikoonana na hewa maisha yao yote.

Gesi yao inatoka kwenye damu, na hapa ndipo mimi huwa nasimama kwa mshangao. Kwenye ukuta wa bondo kuna tezi inayomwaga asidi ya laktiki ndani ya damu. Damu ikishaingiwa na asidi, himoglobini huiachia oksijeni iliyoibeba. Jirani na tezi hiyo kuna fungu la mishipa midogo mno kwa maelfu, imelala ubavu kwa ubavu, mmoja ukileta damu na mwenzake ukiiondoa, mikondo ikipishana. Oksijeni inayotaka kutoroka na damu inayotoka hupenya na kuingia katika damu inayokuja, inarudishwa ilikotoka. Mzunguko ukijirudia, oksijeni inarundikana mpaka inashinda mgandamizo ulio ndani ya bondo na kuingia. Mfaransa Jean-Baptiste Biot alipopima gesi ya samaki wa kina kirefu mwaka 1807, alikuta sehemu kubwa ni oksijeni, ilhali hewa tunayovuta ina asilimia 21 tu. Kuipunguza ni rahisi zaidi: sehemu maalumu ya ukuta hufunguka, gesi inarudi kwenye damu na kutokea kwenye mashavu.

Dhana: Kila samaki ana bondo

Papa na taa hawana. Papa hutegemea ini kubwa lililojaa mafuta, pamoja na mifupa ya gegedu iliyo myepesi. Katika mafuta hayo mna skwalini, ambayo lita yake moja ina kilo 0.86 hivi, wakati lita ya maji ya bahari inakaribia kilo 1.03. Mafuta hayasinyai kama gesi, kwa hiyo papa hupanda na kushuka bila ile taabu ya mgandamizo. Gayogayo hulipoteza bondo akikua na kulala mchangani, na baadhi ya jodari wanaogelea muda wote bila kulihitaji.

Hata mwenye bondo huweza kushindwa kujiweka sawa: samaki wa kwenye tangi akielea tumbo juu, usiseme amekwisha. Huenda amemeza hewa wakati wa kula, amefunga choo, au ana maambukizi. Samaki wengi wana mgongo mzito kuliko tumbo lenye gesi, hivyo husimama wima kwa kujirekebisha kila mara kwa mapezi. Akiishiwa nguvu, anapinduka.

Dhana: Kinachomtoka mdomoni chewa wa kina kirefu ni bondo, kitobolewe

Hili linaua samaki ambao wangeweza kupona. Chukua chewa wa kilo 10 aliyenaswa mita 30 chini, bondo lake likiwa na nusu lita ya gesi. Huko mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu. Akifikishwa juu, nusu lita ile inadai nafasi ya lita mbili ndani ya tumbo lilelile, na kwa kuwa bondo lake limefungwa, hana pa kuitolea. Macho yanamtoka, na bondo linasukuma tumbo la chakula mpaka linageuka nje-ndani na kuchomoza mdomoni. Kile kifuko chekundu unachokiona ni tumbo. Ukikitoboa umemtoboa tumbo, na gesi bado iko palepale.

Kama ni wa kurudishwa, arudishwe haraka, ashushwe kwa kamba yenye uzito mpaka karibu na kina alichotoka, kisha aachiwe. Mgandamizo wa maji utaisinyaza gesi, na tumbo litarudi mahali pake.