Kuogopa si kukosa imani

Huku Kisumu, kuanzia Kondele mpaka Dunga, wengi tumekua tukiambiwa ati mwenye imani haogopi kitu, ukiona unatetemeka basi imani yako ni ndogo. Mi naelewa mbona watu wanaamini hivyo, maana "usiogope" iko kila mahali kwa maandiko.

Lakini fungua mwenyewe Zaburi 56:3 usome, anayeomba pale anasema siku ya hofu yake atamtumaini Mungu, yaani hofu ipo na tumaini lipo, vyote pamoja. Kwa Kurani pia, sura ya 20 aya ya 67, Musa anaingiwa na hofu na bado ni nabii.

Na mwili una kazi yake, ukishtuka unatoa adrenalini, homoni ya kuuamsha mwili, moyo unaenda mbio. Jipime: hesabu mapigo sekunde 30 ukiwa umetulia, zidisha kwa 2, mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100, halafu hesabu tena kabla ya intavyu uone. Maombi hunituliza sana, kweli kabisa, lakini hofu ya kuongea mbele ya watu hupungua ukiizoea pole pole, leo kwa chama cha watu watano, kesho kanisani. Na ikikunyima usingizi kila siku nenda kliniki, hiyo haipunguzi imani yako hata kidogo.