Mreno alirudi Fort Jesus

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba Mreno alifukuzwa Mombasa mwaka 1698, na habari ikaishia hapo. Sivyo. Kweli, mwaka huo Waomani waliitwaa Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa, baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3. Lakini Machi 1728, Waomani wakiwa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe, Wareno walirudi wakisaidiwa na watu wa Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu. Waliowatoa safari hii, Novemba 1729, ni wenyeji wa Mombasa, na inaniuma kuona wanasahaulika. Baadaye ngome ikashikwa na ukoo wa Mazrui, kisha mwaka 1837 na Busaidi, ukoo wa masultani wa Oman na Zanzibar, kisha Waingereza walioifanya gereza. Ndani bado ipo michoro ya mkaa ya Wareno, na boriti za mbao zilizochongwa maandishi ya Kiarabu.